Mwanga wa Upande Mmoja

Shangazi alikataa kiti. Alikaribishwa, akakaribishwa tena, Mama Pacha akakipangusa kwa kiganja kuonyesha kwamba ni kisafi, lakini yule mama alibaki amesimama katikati ya sebule, albamu ameikumbatia kifuani. Alikuwa shangazi yake Bibi Harusi. Harusi yenyewe ilikuwa imeshapita, maua yameshakauka na viti vya kukodi vimeshasahaulika, lakini katika nyumba hii yule binti alikuwa bado anaitwa Bibi Harusi, na mumewe, mdogo wake Mpiga Picha, bado Bwana Harusi. Hakuna aliyeona sababu ya kuwabadilishia.

"Sikuja kukaa," alisema Shangazi. "Nimekuja kuuliza. Huyu ni nani?"

Aliifungua albamu juu ya meza, juu ya sare za shule za pacha zilizokuwa zinasubiri pasi, akaweka kidole kwenye uso wa mwanamke mmoja. Mama Pacha aliinama. Ilikuwa picha ya pamoja, ile ambayo mumewe, Mpiga Picha, huipanga kila harusi kwa namna moja: upande wa mume kushoto, upande wa mke kulia, maharusi katikati, watoto chini. Kushoto watu walikuwa watu. Kulia, sijui niseme walikuwa nini. Nyuso zilikuwa zimepauka, paji la uso na mashavu na meno yote yamekaribia kuwa kitu kimoja, kana kwamba ukoo mzima ulipita chini ya gunia la unga lililotoboka.

"Ni... ni wewe, Shangazi?"

"Unaniuliza mimi?"

Mama Pacha aliinama zaidi. Kazi ya kusafisha picha ilikuwa yake. Mumewe hupiga, yeye hukaa na kompyuta pembeni mwa chumba, huondoa chunusi, hunyoosha tai, hufuta waya wa umeme uliopita juu ya kichwa cha mtu. Picha hii aliikumbuka. Aliikalia mchana mzima, na alipoimaliza ilikuwa nzuri kweli, kila uso una mwanga wake. Hii iliyokuwa mezani hakuijua.

"Mama yangu mzazi huyu," Shangazi aliendelea, kidole kikihama. "Kaka yangu huyu. Mdogo wangu, anayeshinda juani kila siku ya Mungu na hajawahi kuliogopa, mmemfanya kama mtu aliyetoka kuugua. Haya, tazama upande wenu. Nyinyi mko vilevile mlivyoumbwa. Kwa hiyo ni sisi tu tuliohitaji kuoshwa?"

Pale kwenye kona, mama mkwe wa Mama Pacha alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Mikono yake ilisimama. Wakati wa uchumba, bibi huyu alikuwa ametoa neno moja jikoni, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wanawake wa nyumbani tu. Alisema, "Binti mzuri, adabu anayo, ila jua limempenda mno." Wakacheka kidogo, wakaendelea na kazi. Neno likatoka jikoni bila mtu kulifungulia mlango, na kabla ya wiki kwisha lilikuwa limefika kwao binti.

"Mlidhani hatukusikia?" Shangazi alisema, safari hii akimtazama bibi. "Tulisikia, tukameza. Tukasema ni maneno ya watu wazima. Sasa mmelichapisha kwa rangi, mkalitia jalada."

Kisha akatoa masharti. Bibi Harusi alikuwa amerudi kwao na atabaki huko, maana hawezi kukaa na watu wanaomwonea haya. Anayetaka arudi aje Jumapili na barua ya kuomba radhi, iandikwe, isomwe mbele ya pande zote mbili, na ndani yake aseme ni nani aliyetoa amri ya kuwapaka weupe. Bila hivyo, wasisumbuke.

Aliiacha albamu pale mezani, akaondoka bila hata maji.

Mpiga Picha aliporudi alikuta mkewe ameweka albamu upande mmoja na kompyuta upande mwingine, anageuza shingo huku na huku.

"Njoo uone," alimwambia. "Niambie kama mimi ni mwehu."

Aliona. Kwenye kioo cha kompyuta ile picha ilikuwa safi, ukoo mzima una afya, kushoto na kulia sawasawa. Kwenye albamu ilikuwa balaa. Akaipekua albamu mbele na nyuma. Kila walipokaa watu wa Bibi Harusi, kulia, nyuso zimepauka.

"Wachapaji hawa," alisema, na uso wake ukapata nafuu kwa kumpata mkosaji. "Mashine yao imechoka. Twende."

Dada wa duka la uchapaji aliwasikiliza akiwa bado anakata kadi za mwaliko. Hakugombana. Aliifungua kazi yao kwenye kompyuta yake ya mezani, akawageuzia kioo. Upande wa kulia, nyuso zilikuwa zimepauka vilevile kama kwenye albamu.

"Tulichapa mlicholeta," alisema.

"Lakini kwetu haiko hivi!" Mama Pacha alisema.

"Hapa iko hivi."

"Basi kioo chako ndicho kibovu."

"Na karatasi nayo mbovu? Na albamu?" Akarudi kwenye kadi zake. "Mimi nilidhani ndivyo mlivyotaka. Watu siku hizi wanapenda. Wiki iliyopita mteja wenu mmoja kakanyaga hapa, kaagiza nakala zaidi, anasema hajawahi kutoka mzuri vile."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchanganya Mama Pacha kuliko yote. Wateja walikuwa wamesifu. Mwalimu mmoja alijiona kwenye picha ya mahafali akapiga kigelegele, akaleta na rafiki zake. Mpiga Picha alirudi siku ile akimtania mkewe kwamba ana mkono wa baraka. Sasa mkono uleule ulikuwa umemfukuza mke wa shemeji yake, na yeye hajui ulifanya nini.

Wakashika njia ya nyumbani. Mumewe alitembea mbele kidogo, begi la kamera begani, na yeye akawa anaitazama mikono yake. Alijiuliza swali ambalo hakuthubutu kulitamka: je, lile neno la jikoni lilimwingia? Naye alikuwepo siku ile. Naye alicheka. Inawezekana mtu akakaa mbele ya nyuso za watu, akaona giza mahali ambapo hakuna giza, kwa sababu tu mtu mzima alisema kuna jua?

Bwana Harusi alikuwa anawasubiri mlangoni. Alikuwa amevaa shati ambalo halikupigwa pasi, na alisema neno lake hata kabla ya salamu.

"Shemeji, umeniharibia nyumba."

"Shemeji, sijui hata nimefanya nini."

"Umempaka mke wangu rangi! Kila ninayekutana naye ananiuliza ni lini nilioa mwingine."

"Lakini na wewe uliziona," Mama Pacha alisema. "Ulikaa hapa, kwenye stuli hii, tukazipitia moja moja. Ulisema ziko sawa."

"Zilikuwa sawa!"

"Na ile yake ya peke yake ukasema niiongezee mwanga."

"Kidogo, shemeji. Nilisema kidogo, kwa sababu niliona giza. Nani asiyejua maana ya kidogo?" Alikaa kwenye stuli ileile, akashika kichwa. "Mimi nampenda mke wangu jinsi alivyo. Kila mtu anajua. Sasa nitasema nini kwao, eti sikuona?"

Alikuwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Mama Pacha alimwonea huruma mpaka akasahau kwamba aliyeshitakiwa ni yeye. Bibi, kutoka kwenye kona yake, alisema, "Mimi nilisema neno moja tu," na hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akalirudia peke yake baadaye, jikoni, akiuambia mwiko.

Siku iliyofuata, pacha walipokwenda shule, Mama Pacha aliketi kuandika barua ya radhi. Aliona aiandike kwa kompyuta, mwandiko wake usije ukawa kosa jingine. Akafungua ukurasa mtupu, akaukuza ukaenea kioo kizima, akaweka vidole tayari. Hakuandika kitu. Angeandika nani alitoa amri? Akabaki anaukodolea macho ule weupe.

Haukuwa mweupe. Kushoto ulikuwa mweupe. Kuanzia katikati ulianza kuzeeka, na ulipofika ukingo wa kulia ulikuwa na rangi ya kijivu yenye umanjano, mfano wa shuka lililofuliwa kwa maji ya mfereji. Akasugua macho. Akafuta kioo kwa pindo la nguo. Akaenda kufunga pazia, akarudi, akalifungua tena. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Doa lilibaki palepale. Kisha akafungua picha ndogo ya pacha, akaikokota kwa kipanya polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na watoto wake wakatembea kwenye kioo huku wakiingia gizani. Akawarudisha, wakang'aa. Akawapeleka, wakafifia.

Alikuwa peke yake nyumbani lakini alisema kwa sauti, "Ni wewe!"

Fundi wa kompyuta naye hakulijua mara moja, ingawa alijifanya. Kwanza alisema ni kirusi. Kisha akasema programu ya rangi imechanganyikiwa, akaizima kompyuta, akaiwasha, ikawa vilevile. Mwishowe alifungua fremu ya kioo, akachungulia, akaguna.

"Kioo hiki chenyewe hakina mwanga wake," aliwaeleza. "Mwanga unatoka kwenye vitaa vya nyuma, vidogovidogo, vimepangwa. Sasa vya upande huu vinakufa taratibu. Vinafifia kidogokidogo, jicho linazoea, hujui kama umepoteza kitu. Wewe mama ukiona huku kuna giza, unaongeza mwanga kwenye picha. Ukiongeza, kwako inakaa sawa. Kwa mwenye kioo kizima, umemwaga maziwa."

"Na kwa nini vife upande mmoja?" Mpiga Picha aliuliza.

"Kimebanwa. Hii kompyuta inabebwaje?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe alitazama lile begi lake, ambamo kompyuta husafiri chini na miguu ya chuma ya kamera juu yake, kisha akawa na shughuli kubwa ya kufunga zipu.

"Kioo kipya ni bei gani?"

Fundi alitaja. Mpiga Picha alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

"Basi kwa sasa fanyia kazi upande wa kushoto," fundi alisema. "Huku pazima kabisa. Hapa usiwe na wasiwasi napo."

Waliondoka na kompyuta yao mbovu wakiwa na furaha ambayo hawakuwa nayo ilipokuwa nzima. Mama Pacha alitembea akicheka peke yake. Hakuwa mwehu, hakuwa mbaya. Barua hawakuiandika tena. Wataandikaje barua ya kumtaja aliyetoa amri, na aliyetoa amri ni taa?

Jumapili sebule ya kwao Bibi Harusi ilijaa. Wazee walikaa kwenye makochi, vijana wakasimama ukutani, na juu ya meza ya katikati Shangazi alikuwa ameshaweka karatasi nyeupe na kalamu, endapo wageni wangedai kwamba walisahau barua. Bibi Harusi alikaa kando ya mumewe lakini hakumgusa. Alikuwa binti mtulivu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa ameiegemeza ukutani, nyuma ya kiti chake, picha kubwa yenye fremu iliyogeuziwa ukuta.

"Hatukuja na barua," Mpiga Picha alianza, na minong'ono ikapanda. "Tumekuja na mkosaji mwenyewe."

Mama Pacha aliiweka kompyuta mezani. Akafungua ukurasa mtupu, akawaomba wasogee. Walisogea kwa shingo upande, watu walioamua kutodanganywa. Kisha mmoja akasema, "Eh." Mwingine akasema, "Huku kuna nini?" Mama Pacha akakokota picha ya pacha kutoka kushoto kwenda kulia. Akakokota picha ya pamoja. Wazee wakaomba irudiwe. Baba mdogo wa Bibi Harusi, yule wa kushinda juani, akaomba apelekwe yeye peke yake, akajitazama akizama na kuibuka, akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nimefunikwa na taa!"

"Kwa kukosa taa, baba mdogo," Mama Pacha alisema.

Watu wakacheka. Soda zilizokuwa zimefichwa zikaletwa. Bibi alimshika Shangazi mkono, akasema lile neno la jikoni lilikuwa la kijinga na anaomba radhi kwalo, na Shangazi, ambaye hakuwa amejiandaa kwa radhi nyepesi namna ile, akasema basi yaishe. Mwenye furaha kuliko wote alikuwa Bwana Harusi. Alizunguka akiwashika watu mabega.

"Si nilisema? Nilisema niliona giza. Kumbe ni kioo! Mke wangu, twende nyumbani."

Bibi Harusi hakuinuka. Aliigeuza ile picha yenye fremu, akaiweka magotini. Ilikuwa ile yake ya peke yake, aliyopigwa kabla ya watu kufika, ameketi dirishani na gauni limetandazwa sakafuni. Ndiyo aliyoitundika mumewe sebuleni mwao, naye akaondoka nayo aliporudi kwa wazazi. Uso ulikuwa mweupe kuliko ua alilolishika.

"Dada," alimwambia Mama Pacha, bila ukali. "Hii nayo unayo humo?"

"Ninayo."

"Hebu ifungue ilivyokuwa ulipoifanyia kazi. Hivyohivyo, usiisogeze."

Mama Pacha aliifungua. Ilienea kioo kizima: kulia dirisha, pazia na mkia wa gauni. Kushoto, Bibi Harusi.

Wote walikuwa wametoka kufundishwa, kwa kurudiarudia, kwamba kushoto pazima kabisa. Mama Pacha alikiinamia kioo. Furaha yake yote ya njiani ilikuwa imemfanya asahau kuitazama hii.

"Labda siku ile nilikuwa nimeisogeza," alisema. "Au labda... Sikumbuki. Nakumbuka shemeji alikaa pale, akasema niongeze. Nikaongeza. Akasema tena kidogo."

"Kwa sababu niliona giza!" Bwana Harusi alisema.

"Wapi?" Bibi Harusi aliuliza.

"Pale. Usoni." Akasikia alichokisema, akaanza upya. "Namaanisha, kwenye kioo. Kioo si kibovu? Wote mmeona ni kibovu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kulia, labda kutoka kule... Mimi sijui mambo ya taa. Niliona tu kwamba... Sijui."

Na kweli hakujua. Angeweza kuapa, na kiapo kisingekuwa cha uongo. Alikuwa anatafuta ndani yake ile siku, ile stuli, ule uso, na hakupata chochote isipokuwa kwamba ulionekana unahitaji mwanga.

"Dada, unayo na ile ilivyotoka kwenye kamera?"

"Ipo."

"Ziweke mbili pamoja. Huku kushoto, panapoaminika."

Mama Pacha alizipunguza, akazipanga moja juu ya nyingine kwenye upande mzuri wa kioo, kisha akarudisha mikono yake mapajani. Juu uso uliopaushwa. Chini uso wa kamera.

"Mume wangu," alisema Bibi Harusi. Alikuwa amekaa karibu naye kiasi kwamba magoti yao yalikuwa yanaweza kugusana. "Mimi ni ipi?"

"Si... ni wewe zote mbili, sasa."

"Hapana. Mimi mwenyewe. Ninavyofanana kila asubuhi unapoamka."

Bwana Harusi aliisogelea kompyuta. Alitazama ya juu. Alitazama ya chini. Alisema, "Hii," akaondoa kidole, akasema, "Subiri kwanza." Akainamisha kichwa, akafunika nusu ya kioo kwa kiganja, akafunua. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Alitaka sana kutokosea. Sebule nzima ilimwangalia akihangaika kutoka picha hadi picha, na bibi, mama yake, alifungua mdomo mara mbili akaufunga. Mkewe alikuwa pale pembeni, uso wake wazi, umegeuziwa kwake, unasubiri. Hakuinua macho hata mara moja kumtazama.

Mama Pacha hakuweza kuvumilia. Alinyoosha mkono akafunga kompyuta.

Hapo ndipo Bwana Harusi alipogeuka. Kiti kilikuwa kitupu, na fremu ilikuwa imeachwa juu yake. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa bado linatikisika.

Shangazi hakupiga kelele kama siku ile ya albamu. Aliondoa chupa za soda mezani, akasogeza karatasi na kalamu mpaka mbele ya Bwana Harusi.

"Barua ile bado inatakiwa," alisema. "Andika wewe."

Aliishika kalamu. Alimtazama kaka yake, akamtazama shemeji yake, akamtazama mama yake, kisha akaitazama karatasi, ambayo ilikuwa nyeupe pande zote.

"Nianze vipi?" aliuliza.